Kamba Namba Moja

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu saa nne usiku, sauti ya mtu niliyemjua zaidi ya miaka 20 bila kuwahi kumshika mkono. "Yaya, ukikuja utubebee kamba za gitare. Namba moja, mingi. Namba ine usibebe, hizo ziko mingi huku." Kisha kicheko, na nyuma ya kicheko mtu mwingine akijaribu besi.

Niliusikiliza mara tatu. Mimi si mpiga gita, ila najua gita lina nyuzi sita, na sikuelewa inakuwaje bendi ikaukosa uzi wa kwanza huku wa nne umewajaa. Kesho yake nikaenda Kariakoo. Muuzaji wa duka nililoingia akaniambia hauzi uzi mmoja mmoja, ni seti tu, nyuzi sita ndani ya bahasha. Nikanunua seti kumi. Hapo nilikuwa na namba moja kumi nilizotumwa, na namba nne kumi nilizokatazwa. Nikazifunga kwenye kanga, nikazilaza chini ya nguo, na Jumatano nikapanda basi la Kigoma. Ilikuwa mwisho wa Agosti 2023.

Jina la bendi silitaji. Waliniomba hivyo, kwa kuwa baadhi yao wana ndugu ambao bado wako kambini na mambo ya karatasi zao hayajakwisha. Wala hawana kanda inayouzwa popote. Lakini mtu akiniuliza ni bendi gani duniani ninayoipenda kuliko zote, sifikirii. Ni hiyo.

Nimezaliwa Makere, wilaya ya Kasulu. Nilikuwa na miaka sita mwaka 1996, vita ya Kongo ilipowasukuma watu wa Kivu Kusini kuvuka ziwa, wengi wao Wabembe wa Fizi, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa jirani na sisi. Kwa miaka mingi kulikuwa na soko ambalo wenyeji na wakimbizi walikutana. Mama yangu alikwenda na maharage na ndizi. Wao walikuja na unga wa mgao, mafuta ya kopo, sabuni, na nguo walizoshona wenyewe kwa ustadi ambao Makere hatukuwa nao. Mimi nilikuwa mbeba maharage. Nilipokwisha kuyashusha mgongoni nilikuwa huru mpaka jua ligeuke, na saa zote hizo nilizimalizia nyuma ya banda la turubai ambako bendi ilipiga.

Magita yao ya kwanza waliyachonga wenyewe. Nyuzi zilikuwa waya wa breki ya baiskeli uliochambuliwa nyuzinyuzi. Baadaye wakapata magita ya kweli na spika iliyotumia betri ya gari, na hapo ndipo muziki ulipovuka uzio ukafika mpaka kwenye mashamba yetu. Banda lilikuwa linajaa watu wazima, na mtoto wa kimo changu aliona migongo tu. Kwa hiyo mimi niliijua bendi ile kwa masikio. Kaka yangu, aliyekuwa mrefu, alidai magita ni mawili na besi. Mimi nilibisha kwamba ni matatu na besi, maana nilikuwa nayasikia: moja likisema chini, moja likijibu juu, na moja katikati likizunguka kama mtu anayesuka ukili. Tulibishana njiani kurudi nyumbani Jumamosi baada ya Jumamosi, naye akinicheka kwa kuwa yeye alikuwa ameona.

Wenyewe Jumamosi waliita siku ya posho. Nilidhani ni neno la kambini, kwa sababu ya mgao. Kumbe walikuja nalo. Kiswahili cha Kongo kimeiita Jumamosi hivyo tangu zama za Wabelgiji, siku ambayo kibarua alipewa chakula chake cha wiki. Wao wakaja kuishi kwenye kambi ambako posho ni posho kweli, wakautunga wimbo juu yake. Huo ndio wimbo niliotoka nao utotoni. Mwimbaji anasoma kadi ya mgao, jina moja moja, baba, mama, watoto kwa kufuatana walivyozaliwa, na kila baada ya jina kiitikio kinajibu kwamba yupo. Akifika jina la tano kiitikio hakijibu. Magita yanapiga peke yake mahali pale ambapo watu walipaswa kuitika, kisha mwimbaji anaendelea na jina la sita kama kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuwa na miaka 11, na kila walipofika hapo nilikuwa napumua kwa shida.

Kuanzia 2005 meli zikaanza kuwarudisha kwao kwa hiari, kutoka Kigoma hadi Baraka. Bendi iliondoka 2007. Nilikuta banda tupu, turubai limekunjwa, na kwenye ardhi mashimo manne ya miguu ya spika.

Sikukaa bila muziki wa Kongo. Mtu wa Kigoma hawezi. Baba yangu alikuwa na redio kaseti, na nusu ya kaseti zake ziliimbwa na watu waliotoka upande ule wa ziwa na kuendelea magharibi: Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy kabla ya kuongoza Super Matimila, Maquis waliokuja mapema miaka ya 1970, King Kiki wa Lubumbashi, Ndala Kasheba na gita lake la nyuzi 12. Tumewazoea kiasi cha kusahau kwamba walikuja. Sinza kuna kituo kinaitwa kwa Remmy, na vijana wanateremka pale kila siku bila kujua Remmy ni nani. Nilipohamia Dar kwa kazi nilikwenda sana kwenye kumbi za dansi, nikakaa nyuma, nikasikiliza kwa heshima. Sikuwahi kupata lile gita la katikati.

Mwaka 2022 mtu wa Makere aliyeoa Mbembe akanitumia sauti ya dakika mbili iliyorekodiwa kwa simu. Kelele za chupa, mtoto analia, na katikati yake jina la nne likaitwa, likaitikiwa. Jina la tano likaitwa, na kimya. Nilikuwa ndani ya daladala. Nilishuka kabla ya kituo changu.

*

Kutoka kwa mama Makere nilipita Kasulu na Manyovu, nikavuka kuingia Burundi, na saa yangu ikarudi nyuma saa moja. Barabara inateremka mpaka Nyanza-Lac, kisha inafuata ziwa kwenda kaskazini. Burundi ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta wakati ule. Foleni za magari vituoni zilikuwa ndefu na dereva wetu alilipa bei aliyoitamka kwa sauti ya chini. Rumonge kunanuka mawese. Kina mama wanayauza kando ya barabara kwenye chupa za soda, mekundu, na mtu wa Kigoma akiyaona hujisikia hajaondoka kwao.

Kabla ya Bujumbura, mahali panapoitwa Mugere, kuna jiwe linaloonyesha kwamba Livingstone na Stanley walilala hapo Novemba 1871. Walikuwa wametoka Ujiji kwa mtumbwi kuja ncha hii ya ziwa kwa swali moja tu: mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Burton na Speke walikuwa wamekuja Uvira kwa swali hilohilo Aprili 1858, wakajibiwa na wenyeji kwamba unaingia, wakageuza bila kuuona mdomo wake. Livingstone na Stanley waliuona. Unaingia. Maji ya ziwa lote hili, kilomita karibu 670 kwa urefu na mita 1,470 kwenda chini, yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga huko Kalemie. Ninalolikumbuka mimi kila nikisoma habari za safari hizo ni kwamba Burton alipofika Uvira alikuta soko ambalo wafanyabiashara wa pwani walikwisha kulizoea, wakinunua pembe za ndovu na, kwa aibu yetu sote, watu. Kiswahili kilipita hapa kabla ya Mbelgiji yeyote. Kwa hiyo mtu wa Dar anayecheka Kiswahili cha Uvira anamcheka mzee wake.

Bujumbura nililala. Asubuhi teksi ya abiria wanne ikatupeleka Gatumba. Daraja la Ruzizi, nyasi ndefu, viboko mbali kwenye kingo. Gatumba yenyewe ilikuwa na alama ya mafuriko kwenye kuta, mstari wa tope uliofika madirishani. Dereva hakusema neno tulipokuwa tunaipita, nami sikusema. Agosti 2004, kwenye kambi ya hapo, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge waliokimbia Uvira, waliuawa usiku mmoja. Ziwa hili linatuunganisha, ndivyo tunavyopenda kusema. Na barabara hii ni ya ziwa hilohilo.

Kavimvira, upande wa Kongo, ofisa alinifungulia begi, akafunua kanga, akatazama bahasha kumi. Nikamweleza. Akauliza bendi gani. Nikaitaja. Akazifunga yeye mwenyewe ile kanga, kwa fundo zuri kuliko langu, akasema, "Karibu kwetu."

Uvira ni mji mrefu na mwembamba. Milima ya Mitumba imeusogelea ukingo wa maji mpaka mji umebaki kama mkeka uliotandikwa ukutani, na barabara kuu moja inaukata kutoka Kavimvira hadi bandari ya Kalundu. Kila mvua inayonyesha juu inateremka kwa ghafla. Aprili 2020 mto Mulongwe ulijaa usiku ukabeba nyumba na watu. Waliokufa ni makumi. Miaka hiyohiyo ziwa nalo lilikuwa linapanda, kwa hiyo mji ukabanwa pande zote mbili. Nilipita kwenye mitaa ya chini ambako mapaa yanaonekana na milango haionekani. Miembe ilikuwa imekufa imesimama majini. Watoto walikuwa wanavua samaki sebuleni mwa mtu.

Jambo jingine lilinishangaza kama mtoto. Kwetu Kigoma jua huzama Kongo. Tumekua tukiliangalia likishuka nyuma ya milima ya ng'ambo. Uvira uko chini ya milima hiyohiyo. Saa kumi na moja jua likapotea nyuma ya migongo yetu, kivuli kikateremka mtaani, lakini ng'ambo, Burundi, vilima viliendelea kuwaka dhahabu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo jua letu hujificha.

*

Baa iko karibu na maji. Zamani, waliniambia, ilikuwa mbali na maji. Ziwa ndilo lililokuja. Ua wa chini umezama, kwa hiyo meza zote zimepandishwa ua wa juu, na unaingia kwa kukanyaga mbao zilizolazwa juu ya makreti ya bia. Jukwaa nalo ni mbao juu ya makreti. Meza kumi na mbili nilizihesabu. Ukuta umepakwa rangi ya samawati mpaka kiunoni. Jikoni ni mama mmoja na majiko mawili ya mkaa, anachoma mukeke, yule samaki ambaye sisi Kigoma tunamwita mgebuka, na bugali wa muhogo uko kwenye sufuria kubwa inayofunikwa kwa sahani.

Muziki wa siku ya posho huanza saa tisa mchana, ili watu wawe wamefika makwao mapema. Mimi nilifika saa saba. Walikuwa wanafunga nyaya. Mzee mmoja mwembamba, kofia ya sufu kichwani pamoja na joto lote lile, aliinua macho akanitazama kwa muda.

"Wewe njo ule mutoto wa maharagi?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Mama iko muzuri?"

Nilimjibu kwamba mama hajambo na amemtumia salamu. Kweli alikuwa amemtumia. Alimkumbuka kwa jambo moja: waliwahi kununua maharage yake kwa mkopo wiki ambayo mgao ulichelewa, wakayalipa yote. Mzee akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono. Nilidhani ananipa mkono. Alikuwa anataka kamba.

Nimeuweka wakati huu moyoni kwa hatua zake zote, kwa hiyo nitauandika hivyohivyo. Akakaa kwenye kreti, gita likalala mapajani uso ukiangalia juu. Lilikuwa jeusi, rangi imelika mahali pa kiwiko mpaka mbao imeonekana. Kucha ya dole gumba lake ilikuwa ndefu na nene, imekuwa ya njano. Akafungua bahasha ya kwanza, akazitoa nyuzi sita zilizozungushwa kama pete, akachagua mwembamba kuliko wote. Kisha akaanza kuulegeza uzi wa nne wa gita lake, uliokuwa umefifia na una fundo, umeungwa. Nao ulikuwa mwembamba.

"Angalia. Hii ya ine natosha," akasema, na kutosha kwao ni kutoa. "Ile munene. Naweka ya kwanza pale."

Akaupitisha ule mwembamba kwenye nafasi ya nne, akaukaza polepole akiligonga gita kwa kidole, akaulegeza kidogo, akausikiliza na wa tatu, akaukaza tena kwa nukta. Uzi wa kwanza ukilegezwa kidogo unatoa re, ileile re ya uzi mnene wa nne, lakini oktava moja juu. Kwa hiyo mkono unapopanda nyuzi kwa kufuatana, ukifika mahali ambapo sikio linangoja sauti nzito ya chini, sauti inaruka juu. Kisha inashuka. Kisha inaruka. Gita moja linajijibu lenyewe. Wakongo wanaliita mi-kompoze, linakaa kati ya rizimu na solo, na wapigaji wa Kinshasa wamelitumia kwa miaka mingi. Nilikuwa nimelisikia kwenye rekodi mara elfu. Sikuwahi kuuona ule mkono.

Akapiga mistari minne bila spika. Ndiyo ilikuwa sauti niliyoibishania na kaka yangu.

"Mzee, kule kambini magita yalikuwa mangapi?"

"Mbili tu. Batu balizani iko tatu."

Nilitoka nje nikampigia kaka Kasulu. Nikamwambia uliona sawa, nami nilisikia sawa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nikate simu nirudi ndani, nisije nikapitwa.

*

Saa tisa na nusu meza zilikuwa zimejaa, watu kama hamsini, na wengine wamesimama kwenye mbao za mlangoni. Hakuna kiingilio. Mwenye baa anawapa bendi sehemu ya mauzo, na kilichobaki kinatoka kwa wasikilizaji. Faranga za Kongo, faranga za Burundi na dola za Marekani zinapita mkononi mwa mwimbaji bila mtu kuuliza. Mtu akitaka jina lake liitwe ndani ya wimbo anakwenda kunong'ona na kutoa chochote. Hilo linaitwa kutupa libanga, jiwe kwa Kilingala. Fundi wa boti aliyekaa meza ya mbele alitupa jiwe kwa ajili ya mke wake aliyekuwa amekaa naye. Mke akafunika uso kwa kitenge, na jina likaitwa mara tatu.

Mimi sikunywa pombe siku hiyo. Niliagiza soda, ambayo wao huiita sukre, na mukeke. Samaki akaja mzima na pilipili pembeni na ndimu. Nilimla kwa mkono mmoja, macho yakiwa jukwaani, na miiba nikaila mingine.

Kuna watu watakaosema kwamba muziki mkubwa unastahili ukumbi mkubwa. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili, nami nilifurahi kama kwamba nimepewa cheti mimi. Lakini rumba ililelewa kwenye vyumba vya kimo hiki. Mwaka 1956 vijana wa Léopoldville, Franco akiwa bado na miaka 17, walianzisha bendi wakaipa herufi za baa waliyopigia, O.K. Bar, na ndiyo hiyo OK Jazz iliyotikisa Afrika kwa zaidi ya miaka 30. Muziki huu ulitengenezwa na watu waliowaona wachezaji usoni. Sebene, ile sehemu ambayo waimbaji wananyamaza na magita yanachukua barabara, haina urefu uliopangwa. Inakwenda kadiri miguu ya watu inavyokwenda. Mpiga solo wa hapa, kijana asiyezidi miaka 25 aliyezaliwa Nyarugusu, alikuwa hatazami nyuzi kabisa. Alikuwa anatazama viatu. Mwanamke mmoja mnene, mtu mzima, viatu ameviacha chini ya meza, alikuwa anacheza peke yake karibu na jukwaa kwa kiuno kidogo sana, kama anayetikisa ungo, na kijana akawa anampigia yeye. Alipopunguza, gita likapunguza. Alipogeuka, likageuka. Hilo huwezi kulifanya kwa watu elfu ishirini. Sidhani hata kwa mia tatu.

Nilikaa mita mbili kutoka kwa Mzee. Sauti ya besi ilikuwa mbaya, lazima niseme, spika ilipasuka siku nyingi na imeshonwa kwa uzi wa viatu. Bateri, yaani seti ya ngoma, ilikuwa na tasa moja. Waimbaji wawili walishirikiana kipaza sauti kimoja, wakipokezana mashavu. Sikujali. Niliufuata ule uzi wa nne kama mtu anayemfuata ndugu yake sokoni, nikiupoteza solo ilipopanda, nikiupata tena.

Wimbo wa kadi waliuacha mpaka karibu na mwisho. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma yetu, ng'ambo bado kunang'aa. Mwimbaji, ambaye sasa ana mvi, alishika kiganja wazi mbele yake kama anayeshika karatasi. Jina la kwanza, yupo. La pili, yupo. Baa nzima waliitika, hata mama wa jikoni aliyekuwa amewapa mgongo. La nne, yupo. La tano.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kile kimya miaka 16. Nilichokuwa sijajiandaa nacho ni kwamba kimerefushwa. Zamani magita yalipiga mzunguko mmoja. Safari hii ulipigwa mmoja, ukapigwa wa pili, wa tatu, na watu wakawa wamesimama wameinamisha vichwa, kila mmoja, ilionekana, na jina lake. Mwanamke aliyekuwa anacheza alikuwa ameshika meza. Baadaye nilimuuliza Mzee mizunguko imekuwa mingapi, akasema minane. Waliongeza baada ya mafuriko ya Mulongwe, watu walipokuja kuwaomba kila mmoja mzunguko wa wake. Hakuna aliyetoa pesa kwa hiyo na wao hawakuchukua. Mizunguko yote minane ilibebwa na gita moja, lile la kofia ya sufu, solo imenyamaza na besi imenyamaza, uzi mwembamba ukiruka juu mahali ambapo sikio lilingoja sauti ya chini.

Kisha jina la sita, yupo. Na sebene ikafunguka, na sijawahi kuona watu wakicheza namna ile. Mimi mwenyewe nilicheza na fundi wa boti na mke wake na mtu aliyekuwa na sahani mkononi. Katikati ya sebene mwimbaji akatupa jiwe ambalo sikulilipia. Akaita Makere. Akaita maharage. Akaita jina la mama yangu, jina lake la nyumbani, ambalo sijui alilikumbuka vipi.

*

Giza lilipoingia walifunga. Watu waliondoka haraka kwa makundi, pikipiki zikiwachukua wawili wawili, na ziwani taa za wavuvi wa ndagala zikawa zimejipanga kama mtaa mwingine wa Uvira. Nilisaidia kubeba spika. Mzee alikuwa amekaa kwenye kreti lilelile anapanga nyuzi nilizoleta: za kwanza kwenye kopo lenye mfuniko, nyingine kwenye mfuko wa plastiki, na zile nene za namba nne akazitupa kwenye beseni kando. Gita la solo nalo linatumia namba nne ya kawaida, lakini uzi mnene haukatiki ovyo. Kwa hiyo kila seti inayofika inaacha mmoja usio na kazi, na miaka imepita.

Ndipo nikamwona mtoto. Mvulana wa miaka tisa au kumi, mjukuu wa mtu kati yao, alikuwa ametoka chini ya jukwaa na gita la kopo la mafuta ya kula, shingo yake ilikuwa mbao ya kreti, iliyopigwa misumari miwili. Lilikuwa na uzi mmoja, mnene. Akainama kwenye beseni, akachagua mwingine kwa kuupitisha kwenye kucha, akausogeza sikioni kama kwamba utamwambia kitu kabla haujafungwa.

Nikachuchumaa karibu naye. Nikamuuliza anapiga nini. Akanipigia. Ilikuwa besi ya wimbo wa kadi, sauti nne zinazorudi, zenye mlio wa bati, na alipofika jina la tano akanyamaza kwa hesabu kamili huku midomo yake ikihesabu mizunguko, mpaka minane, ndipo akaendelea.

Kisha akanitazama, akautazama mfuko wa plastiki mikononi mwa Mzee.

"Papa," akasema, "na namba tano iko?"